Mnoa Viatu vya Barafu na Kijana wa Makali Manne

Saa moja na robo asubuhi, Jumamosi, Winifrida Kokushubila ameshanoa jozi tano za viatu na bado hajavua koti. Dirisha lake la kazi liko chini ya ngazi za uwanja wa barafu, dakika kumi kwa basi kutoka soko la Walthamstow, kaskazini mashariki mwa London. Fundi aliyelikata dirisha hilo alilishusha mno, kwa hiyo anayesimama nje yake huonekana kuanzia kifuani kushuka. Winifrida huona mikono, soksi na viatu. Sura ya mtu huiona akiinama kulipa.

Leo kuna jozi mbili alizoziweka kando na kuzifunika kwa taulo, asije mtu akazigusa. Anaifunua ya kwanza, anachukua kiatu cha kushoto na kupitisha ukucha wa dole gumba kwenye chuma cha chini, upande wa nje, kisha wa ndani. Anaandika kwenye daftari. Anafanya vivyo hivyo kwa kiatu cha kulia. Anahamia jozi ya pili, anaandika tena, kisha anavua miwani na kuifuta ingawa haina vumbi.

"Nimechanganyikiwa," anasema, na hasemi kwa mzaha. "Miaka sita najiona najua kusoma hivi vyuma. Leo ukiniuliza jina langu, nitakwambia subiri kwanza nitazame kitambulisho."

Winifrida, mwenye umri wa miaka 47, ni mzaliwa wa Kamachumu, mkoani Kagera, Tanzania. Alifika London mwaka 1990 kumfuata mumewe, Geofrey, aliyekuja kusoma uhasibu na akaishia kwenye maghala ya mizigo huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Yeye alianza kwa kufagia uwanja huu. Mwaka 1995 mnoaji wa zamani alipostaafu, meneja aliuliza nani anaweza kushika kiatu kwenye jiwe la kunolea bila kujikata vidole. Mfagiaji akanyoosha mkono, wenzake wakacheka.

Hawakujua kwamba baba yake alikuwa fundi cherehani, na kwamba tangu akiwa na miaka tisa mikasi yote ya pale barazani ilinolewa na yeye.

"Baba alikuwa haazimishi mkasi wake," anakumbuka. "Hata kwa mdogo wake wa damu. Alisema mkasi ukishikwa na watu wawili unapoteza tabia, hujui tena unamtii nani. Sisi tulidhani ni uchoyo tu."

Kunoa viatu kunamlipa pauni sita na peni ishirini kwa saa, kwa saa ishirini na mbili za wiki. Ni mshahara wa kawaida kwa kazi ya kawaida, na kama angeishia hapo asingekuwa na sababu ya kuchanganyikiwa. Tatizo ni ile kazi yake nyingine, ambayo mumewe mpaka leo huieleza kwa wageni kama "ile kazi ya kupiga ramli".

Juu ya barafu hiyo huchezwa mpira wa magongo, mchezo ambao Kanada na Marekani una fedha na kelele kama kandanda ya Ulaya. Kila mwezi Juni timu kubwa za huko hukaa ukumbini na kuchagua kwa zamu vijana wa kuanzia miaka kumi na minane, kutoka popote duniani. Siku hiyo huitwa draft. Kabla haijafika, wasaka vipaji chungu nzima huzunguka viwanja vya baridi wakikadiria mtoto wa leo atakuwa mchezaji wa namna gani kesho.

Mmoja wao ni Gervais, Mkanada wa Quebec anayekaa Hayes ili awe karibu na ndege. Mwaka 1998 alileta viatu vyake mwenyewe vinolewe. Alipokuwa akisubiri, alimtaja kijana mmoja mrefu aliyekuwa barafuni na kuuliza kama ni mzuri. Winifrida, bila kuinua kichwa, alimjibu kwamba kijana yule anaogopa kugeuka kulia.

"Akaniuliza nimemwona akicheza mara ngapi," anasimulia Winifrida. "Nikamwambia sijamwona hata mara moja. Nimeona viatu vyake."

Siri yenyewe si ngumu. Chuma cha kiatu cha barafu kina makali mawili, ya nje na ya ndani, kwa hiyo mchezaji mmoja ana makali manne. Akigeuka kushoto, hulalia makali ya nje ya mguu wa kushoto na ya ndani ya mguu wa kulia. Akigeuka kulia, ni kinyume chake. Kijana akibanwa mchezoni hukimbilia upande anaouamini, na chuma huandika kila kitu. Makali anayoyatumia huwa butu. Anayoyaogopa hubaki na ukali uleule wa jiwe. Ndiyo maana ukucha wa dole gumba la Winifrida una mikwaruzo juu yake mwaka mzima.

Tangu siku ile Gervais humlipa pauni ishirini na tano kwa kila ripoti. Ameandika sitini na moja. Tisa zilipelekwa Kanada, na kijana mmoja tu, Francis wa Hayes, alichukuliwa na timu ya vijana ya huko mwaka 2001. Wenye kazi hiyo wanasema mmoja kati ya sitini na moja si haba.

Macho yake mwenyewe hayaamini sana, na ana sababu. Mwaka 1999 alipanda ngazi kutazama mechi, akampenda mvulana mmoja mwenye mabega mapana na akamsifu kurasa mbili nzima. Mvulana yule aliacha mchezo mwezi Novemba. Alisema hapendi baridi.

Basi Septemba mwaka jana, 2003, vikaja viatu vyenye kamba za kijani.

Aliyevileta ni Exaucé, miaka 17, mtoto wa familia ya Kikongo iliyotoka Bukavu, mcheshi na mwingi wa maneno. Alipogundua kwamba mnoaji anajua Kiswahili, akaanza kumwita mama. Winifrida akamfundisha shikamoo, neno ambalo nyumbani kwao hawalitumii, na kijana akawa hapiti dirishani bila kulitamka, hata mara nne kwa siku. Kuanzia mwezi wa pili Winifrida hakumtoza tena senti.

Lakini kilichomshika hasa ni vile vyuma. Makali yote manne yalikuwa yamechakaa sawasawa. Alirudia kwa ukucha, akarudia kwa sarafu, akasubiri wiki iliyofuata. Hali ikawa ileile.

"Sijawahi kuona," anasema. "Hata Francis alikuwa na upande wake. Huyu alikuwa hana upande, anageuka popote. Na vilikuwa vinaisha makali kwa wiki moja, wakati wenzake wanachukua wiki mbili. Nikasema, mtoto huyu ana bidii ya ajabu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu."

Kabla ya kuandika ripoti alipanda ngazi kumwona, maana Gervais hupenda kusikia pia habari za macho. Alichokiona hakikuelewana na daftari. Exaucé aligeuka kushoto vizuri kabisa, lakini kulia alizunguka kwa mbali, kama lori linalotafuta pa kuegesha.

"Nikasema labda ana mafua. Nikasema labda kocha ndiye kamwambia azunguke hivyo. Nilitafuta kila sababu," anasema, kisha anacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Nikarudi chini nikaamini chuma."

Ripoti ilikwenda mwezi wa nne. Gervais alikuwa na nafasi moja tu kutoka Uingereza kwa kambi ya majaribio itakayofanyika Kanada mwezi Agosti, mbele ya wasaka vipaji arobaini wenye kalamu na madaftari. Kijana wa London asipopita kwenye kambi kama ile, siku ya draft jina lake halitajwi na mtu. Gervais akaandika jina la Exaucé kwa penseli, na akasema atalithibitisha Jumatatu ya tarehe 17 Mei.

Mama mzazi wa Exaucé, Léocadie, anayefanya kazi ya kutunza wazee, alipiga simu Bukavu siku hiyohiyo. Kanisani kwao walisimama wakashukuru. Mzee mmoja wa kanisa alitoa sanduku lake la safari, jipya, lenye magurudumu, na likawekwa mlangoni ndani ya nyumba yao, ambapo kila anayeingia ilibidi aliruke.

Jumamosi ya tarehe 15, asubuhi, Winifrida alivinoa viatu vya kamba za kijani na kumkabidhi Exaucé. Jumapili mchana, vikarudi.

Viliwekwa dirishani na mikono asiyoijua, mikono yenye kucha fupi na harufu ya vitunguu. Alipitisha ukucha. Viatu alivyovinoa jana vilikuwa butu.

"Umevipata wapi hivi?" aliuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi.

Mikono ikarudi nyuma. Kisha mwenye mikono akainama, na Winifrida akaona sura ya kijana mwembamba mwenye aibu. Alielewa swali, lakini alijibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wengi waliokulia hapa. Alisema jina lake ni Ulrich. Alisema viatu ni vyao. Winifrida alipouliza vyao na nani, akajibu vyake na vya Exaucé, na kwamba kawaida huwa haji kunoa, ila leo Exaucé ameenda kujaribu suti ya safari.

Ulrich ni mtoto wa marehemu dada yake Léocadie. Ana miaka 17 pia. Siku za wiki baada ya shule husaidia kwenye kibanda cha mboga sokoni. Exaucé huchezea timu ya kwanza ya vijana, inayokutana Jumamosi. Ulrich yumo kwenye timu ya pili, ya Jumapili. Miaka minane wamekuwa wakikaa chumba kimoja na, kama ilivyodhihirika, tangu Septemba wakivaa viatu jozi moja.

Saa kumi na moja jioni hiyo Winifrida alikuwa amekaa kwenye kochi la Léocadie, baada ya kuliruka sanduku.

"Mimi nilinunua viatu moja, dada," Léocadie alimwambia. "Pauni mia moja na makumi nane. Watoto iko wawili, mguu iko karibu sawa, Ulrich anavaa soksi mbili. Jumamosi ya Exaucé, Jumapili ya Ulrich. Ningefanya je?"

"Mbona hamkusema, Mama Exaucé?"

"Karatasi ya klabu ilisema kila mtoto awe na viatu yake. Niliogopa watafukuza mmoja. Na kama ni kufukuza mmoja, watafukuza yule hana mama."

Winifrida anakiri kwamba hapo hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa akipiga hesabu ya makali. Mmoja anageuka kushoto, mwingine kulia. Kila Jumapili Ulrich alimalizia pale Exaucé alipoishia Jumamosi, na Jumatatu vyuma vilisema ni vya mchezaji mmoja aliyekamilika. Bidii ya ajabu ilikuwa ni ya watoto wawili wa bidii ya kawaida.

Alipomweleza Léocadie jambo hilo, mama huyo hakulielewa mara ya kwanza. Wala mara ya pili. Mara ya tatu akauliza swali ambalo yeyote angeuliza.

"Sasa si useme tu ni Exaucé? Jina iko tayari. Sanduku iko hapa. Nani atajua?"

"Akifika kule watamwambia ageuke kulia, mbele ya watu arobaini," Winifrida alijibu. "Na mimi sitakuwepo, na Ulrich hatakuwepo. Atakuwa peke yake na nusu ya kile nilichokiandika."

Exaucé alikuwa amesimama kwenye korido na suti yake mpya ikiwa bado na karatasi ya bei. Aliuliza kwa Kiingereza kama aliyesifiwa kwenye ripoti ni yeye au ni Ulrich.

"Sijui, mwanangu," Winifrida alimjibu.

Hilo ndilo jibu linalomuuma mpaka leo. "Ningejua ni Exaucé, ningesema. Ningejua ni Ulrich, ningesema vilevile, hata kama mama yake angelia, maana wote ni watoto wake. Lakini nilikuwa sijui. Nimemtia mtoto suti, halafu namwambia sijui. Nilijisikia vibaya kuliko siku niliyofika nchi hii."

Jumatatu saa nne asubuhi alimpigia Gervais. Alimweleza yote, tangu kamba za kijani mpaka soksi mbili. Gervais alisikiliza, kisha akasema sawa, basi amwambie ni yupi kati ya hao wawili aliye bora, nafasi bado ipo mpaka saa sita.

"Nikamwambia sijui. Akasema, Winnie, miaka sita nakulipa kwa kujua." Winifrida anatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nikamwambia basi leo usinilipe."

Nafasi ilipewa kijana wa kaskazini mwa nchi. Exaucé hakupita dirishani siku tatu. Siku ya nne alipita, akatoa shikamoo moja tu, akaendelea na safari yake.

Ulrich ndiye aliyempa Winifrida kazi ngumu zaidi. Alikuja Alhamisi akitoka sokoni, akainama mpaka uso ukaingia dirishani, akauliza kama vile vyuma viliwahi kusema chochote kizuri kuhusu yeye. Kwa miaka yote hakuna mtu aliyewahi kumtazama kwa ajili ya ripoti. Timu ya pili haitazamwi. Winifrida alimwambia kwamba nusu ya mambo mazuri aliyowahi kuyaandika maishani yalikuwa yake. Kijana alifikiri, akasema kwa Kiingereza kwamba nusu inatosha kuanzia.

Baada ya hapo mnoaji alikwenda kwenye sanduku la vitu vilivyosahaulika, akatoa jozi iliyolala humo misimu miwili bila kuulizwa. Meneja aliridhia. Alibadilisha misumari, akagundisha soli, akaweka kamba nyeupe. Vinamtosha Ulrich kwa soksi moja nzito.

Hizo ndizo jozi mbili zilizokuwa chini ya taulo asubuhi ya leo. Jana jioni, Ijumaa, wenye viatu walicheza kila mmoja na vyake kwa mara ya kwanza, saa nzima, bila kocha.

Daftari liko wazi. Kurasa mbili zinatazamana, moja ina herufi E na nyingine U. Kwa Exaucé, makali ya nje ya kushoto na ya ndani ya kulia yamekufa. Mengine mawili bado yanakwangua ukucha kama yametoka kwenye jiwe sasa hivi. Kwa Ulrich ni kinyume, neno kwa neno. Ubutu wenyewe ni uleule kwa wote.

"Nilitaka nione mmoja amezidi, hata kidogo, nipumzike," anasema. "Hakuna. Umri mmoja, bidii moja, kasoro moja iliyogeuzwa tu. Nikitazama ukurasa huu nasema ni huyu. Nikitazama ule nasema hapana, ni yule. Geofrey ananiambia nirushe sarafu, kwa kuwa ndiyo ramli yenyewe."

Hakurusha sarafu. Badala yake amemwomba meneja barafu ya dakika arobaini kila Jumamosi kabla milango haijafunguliwa, na meneja, ambaye huenda bado anakumbuka kicheko cha mwaka 1995, amekubali. Wavulana wataanza wiki ijayo. Watateleza wakitazamana, Exaucé akiongoza kwa kushoto, Ulrich kwa kulia, kila mmoja akimfuata mwenzake upande anaouogopa. Gervais ameambiwa aje mwezi Machi, kabla orodha ya mwakani haijafungwa. Hakuahidi. Alisema atakuwa na viatu vya kunoa.

"Yule kijana niliyemwandikia hakuwa uongo," anasema Winifrida. "Yupo, ila amegawanyika kwa watu wawili. Nina mpaka Machi kumpata mzima, na nikiweza nimpate mara mbili."

Ana ombi jingine kwa meneja, nalo ni dirisha lipandishwe. Fundi atakuja Jumanne.

Saa mbili kasoro dakika kumi, mikono minne inatua dirishani kwa pamoja, miwili ikinukia vitunguu. Winifrida hagusi kiatu. Anaweka viwiko mezani, anainama mpaka kidevu kinakaribia ubao, anawatazama wote wawili usoni mmoja baada ya mwingine. Kisha anachukua kalamu ya wino mzito, anaandika herufi moja kwenye kisigino cha kila kiatu, na kuwaambia kwamba kuanzia leo ni marufuku kuazimana.